Willemstad, Curaçao: bandari isiyohitaji ziara ya kulipia

Kwa abiria wa meli ya kitalii, Willemstad ni mojawapo ya bandari chache za Karibiani ambako ziara zinazouzwa melini ni hasara tupu, isipokuwa kama unataka ufukwe wa mbali. Mji wenyewe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1997, unatembeleka kwa miguu. Meli kubwa hufunga gati nje ya mlango wa bandari, upande wa mtaa wa Otrobanda. Ukishuka, pita katikati ya Rif Fort, ngome ya zamani iliyogeuzwa maduka na mikahawa, na kwa mwendo wa kawaida ndani ya robo saa uko kwenye daraja la Queen Emma. Bei za Rif Fort zimelenga watu wa meli, kwa hiyo usikawie.

Daraja hilo ndilo litakalopanga siku yako. Linaelea juu ya maboya tangu 1888, lina urefu wa mita 167, na linaunganisha Otrobanda na mtaa wa Punda ng'ambo, yaliko maduka. Meli ikitaka kupita, halinyanyuki. Limeshikwa na bawaba upande wa Otrobanda, na injini za dizeli za upande wa pili hulisukuma hadi likae sambamba na ukingo. Kengele ikilia, mageti hufungwa. Ukikutwa juu unaweza kubaki uzungushwe nalo, na watoto hulipenda sana hilo, ila hushuki mpaka lirudi. Tazama bendera: ya chungwa maana yake daraja litafunguliwa kupisha meli kwa muda mfupi, ya bluu maana yake kaa chini usubiri. Likiwa limefunguliwa hivyo, kuna kivuko cha bure cha watembea kwa miguu. Wanaoachwa na meli ni wale wanaobakiza dakika ishirini za kurudi, wakakuta bendera ya bluu na foleni ndefu ya kivuko. Anza kuvuka saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli.

Upande wa Punda, sinagogi la Mikvé Israel-Emanuel, la 1732, lina sakafu ya mchanga, na kiingilio chake kina thamani. Lakini hufungwa Jumamosi na Jumapili kwa watalii, na Jumapili maduka mengi nayo hufungwa. Meli ikifika Jumapili, punguza matarajio. Soko linaloelea linalosifiwa na vitabu vya utalii nalo usiliwekee tumaini: Venezuela ilifunga mpaka wake wa bahari mwaka 2019, boti za matunda zilizotoka huko zikatoweka.

Kula Plasa Bieu, jengo la soko la zamani lenye meza ndefu na masufuria mbele yako. Agiza kabritu stobá, mchuzi wa mbuzi, pamoja na funchi. Mla ugali ataitambua funchi mara moja, ingawa huwa laini zaidi na mara nyingine hutiwa siagi. Ni chakula cha mchana tu. Ukichelewa, utakuta masufuria yamebaki na mifupa.

Dola za Marekani zinapokelewa kila mahali, lakini chenji unaweza kupewa kwa gilda ya Karibiani, iliyoanza kutumika Machi 2025 kwa kiwango cha 1.79 kwa dola moja. Beba noti ndogo. Gilda za zamani za Antili ukirudishiwa, zikatae. Teksi, zenye herufi TX kwenye namba, hazina mita: patana bei kabla ya kuingia, na uulize kama ni ya gari zima au ya kichwa. Jua la saa sita halina huruma na kivuli ni haba, kwa hiyo Otrobanda, yenye vichochoro vya kupanda na kushuka, itembee asubuhi mapema kabla ya kuvuka.