Hei ya farasi Kenya: robota la bei nafuu ni lipi hasa?

Soko la hei, yaani nyasi kavu ya malisho, nchini Kenya limejengwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Mwenye farasi wa Karen, Nanyuki au Gilgil hununua kwa wauzaji walewale na kwa vipimo vilevile, na hapo ndipo pesa zinapoanza kuvuja. Ng'ombe hucheua, kwa hiyo shina gumu huweza kumnufaisha. Farasi hacheui na hawezi kutapika; akila vibaya, mwisho wake ni msokoto wa tumbo. Kwa hiyo sifa za muuzaji kwamba "ng'ombe wanaipenda" ziachie mlangoni.

Anza na mizani, kabla ya kuulizia aina. Farasi wa kilo 450 huhitaji malisho makavu yapatayo asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani hei kama kilo 10, au kilo 300 kwa mwezi. Sanduku la mbao la kufungia hei kwa mkono, lile la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, hutoa robota la kilo 20 hivi likishindiliwa sawasawa. Likijazwa kivivu hutoa kilo 10 au 12, na kwa macho marobota yote mawili yanafanana. Chukua mfano: robota la shilingi 250 lenye kilo 10 ni shilingi 25 kwa kilo, la shilingi 300 lenye kilo 15 ni shilingi 20. Kwa kilo 300 za mwezi, hilo "rahisi" limekula shilingi 1,500 zaidi kwa kila farasi. Nenda na mizani ya kuning'iniza, pima marobota matano ya kubahatisha, upate wastani, kisha ongeza nauli ya lori. Muuzaji anayekataa kupimiwa amekwisha kujibu swali lako.

Boma Rhodes ndiyo inayopaswa kuwa msingi, na kwa farasi wengi hatuoni sababu ya kutafuta zaidi. Nyasi hii ina oksaleti kidogo (kemikali inayoifunga kalsiamu), inakauka vizuri, na ikikatwa mwanzo wa kuchanua huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10. Shida yake ni mbegu. Mbegu za Boma Rhodes zina soko, kwa hiyo wakulima wengi huacha nyasi ikomae, huvuna mbegu kwanza, halafu hufunga mabua yaliyobaki na kuyauza kwa jina lilelile. Hapo protini imeshuka hadi asilimia 5 hivi na shina limekuwa kama ufagio.

Kulitambua robota la namna hiyo si kazi. Kata kamba, chomoa konzi moja kutoka katikati, si pembeni. Tazama masuke, yale yaliyopanuka kama vidole: ya nyasi iliyokatwa mapema yana rangi ya kijani au zambarau iliyofifia, na majani bado yameshika shina. Yaliyovunwa mbegu ni makapi matupu ya rangi ya majani makavu ya ngano. Sasa likunje shina. Likijipinda, chukua, likivunjika kwa mlio na kukuchoma kiganja, farasi ataacha theluthi moja horini, na hei yako ya shilingi 20 kwa kilo imegeuka ya shilingi 30. Rangi ya nje isikudanganye wala kukutisha, maana jua huchubua upande wa nje tu. Harufu ndiyo hakimu. Iwe tamu kama majani ya chai mabichi. Ikinuka godoro lililolowa, rudisha robota.

Hei ya oti kutoka nyanda za juu tunaipa nafasi ya pili. Farasi huipenda mno, hasa ikikatwa punje zikiwa bado na maziwa. Lakini ina sukari nyingi kuliko Rhodes, haifai kwa farasi mnene au mwenye historia ya kwato kuwaka moto, na panya wataijua kabla ya saisi wako.

Lusini, yaani alfaalfa, ni nyongeza, si chakula kikuu. Kilo 1.5 hadi 2 kwa siku zinamtosha farasi wa kazi, na kalsiamu yake ni msaada mkubwa. Angalia majani: yakiwa yamepukutika chini ya gunia na umebaki na vijiti, umelipia vijiti, kwa kuwa sehemu kubwa ya protini imo kwenye majani. Mnunuzi wa Tanzania awe macho na jina. Huko "lusina" mara nyingi ni ule mti wa malisho uitwao leucaena, na majani yake yana sumu inayomnyonyoa farasi manyoya ya shingo na mkia.

Nyasi za brachiaria, setaria na kikuyu ndizo anazokosea mwenye farasi kwa sababu kwa ng'ombe zinasifiwa, na kwa haki. Zina oksaleti inayoifunga kalsiamu tumboni. Farasi akizila miezi mfululizo, mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa; uso hufura, miguu huchechemea. Usizifanye msingi. Majani ya ngano na shayiri ni matandiko. Sileji ya ng'ombe, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa, usimpe farasi kabisa.

Ukavu hautaki kubahatisha. Hei ya kuhifadhi iwe na unyevu chini ya asilimia 15. Ikipita 20, ukungu ni wa uhakika. Katakata konzi moja, tia kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikamana au kuganda kwenye kuta, hei haijakauka. Ingiza pia mkono katikati ya robota: joto maana yake limefungwa bichi, na rundo la namna hiyo linaweza kujiwasha lenyewe. Chambua magugu ukiwa hapohapo, hasa mnanaha (datura), kwa sababu kukauka hakuondoi sumu yake.

Bei hushuka baada ya mavuno yanayofuata mvua, mara nyingi Juni na Julai, kisha tena Januari, na hupanda kiangazi kikikaza. Mwenye ghala anunue bei ikiwa chini. Panga marobota juu ya chaga za mbao, acha nafasi ya hewa ukutani, tumia ya zamani kwanza. Hei yenye vumbi kidogo tu iloweke dakika 15 hadi 30, umwage maji, uilishe mara moja kwa sababu kwenye joto huchacha upesi. Yenye ukungu haiokolewi kwa maji.

Hata robota zuri likiingizwa ghafla huvuruga tumbo. Changanya mpya na ya zamani kwa siku 7 hadi 10, na hesabu kamba za nailoni kila unapofungua: zilizofunga robota ni mbili, basi mkononi ziwe mbili.