Glavu za mpira zenye pamba ndani: kwa baridi sawa, kwa moto hapana

Baridi yabisi inanitesa vidole mwaka wa 9 sasa. Nikishika sato aliyetoka kwenye friza, maumivu yanapanda hadi kiwikoni. Mvuke wa ugali nao unaviwasha kama pilipili. Glavu hizi nimezinunua Makoroboi, sokoni hapa Mwanza, shilingi 8,000 baada ya kubishana sana. Jana nimeparua magamba ya sato wanne bila kusimama kupasha mikono kwapani. Mume wangu akadhani nimepona!

Ila msishikie sufuria. Mimi nilijaribu, kidole gumba cha glavu kikalainika, nikarudia kipande changu cha kanga kuukuu. Maji yakiingia ndani hazikauki upesi, hata kwa jua hili letu. Chukueni saizi kubwa. Vidole vikivimba, ndogo hazivuki.