Kitufe cha "Lala" kilichomvunjia ami nyumba

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika haya, maana ningeyaandika usiku ule ule ningetukana. Nazungumzia programu moja ya meza ya michezo, ile inayokupa meza tupu, karata na kete kwenye kompyuta, kisha inakuachia ujiandikie vitufe vyako mwenyewe kwa skripti, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta. Jina silitaji. Wanaoitumia wataijua.

Niliinunua kwa ajili ya bao, basi. Ami yangu yuko Maskati miaka mingi, na enzi zake Unguja hakukosekana barazani jioni hata moja. Nikamtengenezea bao la Kiswahili kamili: mashimo 32, kete 64, kila nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, na kete zake sita, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 za kila mchezaji kando kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Kete zenyewe zilinifurahisha mno, zinagongana na kulia kama za kweli. Hapo nawapa haki yao.

Anayelijua bao anajua hili. Mko kwenye namua, umekula, umegawa, kete yako ya mwisho imeangukia nyumbani kwako: hiari ni yako, ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzichukue kete zote za nyumba uendelee kugawa. Ukisafiri, nyumba umeivunja, na hadhi yake hairudi tena mchezo ule. Hapo ndipo wazee hushika kidevu na baraza zima likanyamaza. Basi nikaandika vitufe viwili, cha kwanza cha kulala, cha pili cha kusafiri. Nikavifanya vitupu, visionekane, mpaka wakati wa hiari ufike ndipo maneno yatokee.

Ijumaa moja baada ya Isha tukaanza, simu iko sikioni. Ami akala, kete ya mwisho ikatua nyumbani, nyumba imeshiba. Kwenye meza likatokea neno moja tu: "Lala". Akalibonyeza. Kete zote za nyumba zikanyanyuka, zikaanza kujigawa shimo baada ya shimo mbele ya macho yake. Kimya. Kisha nikasikia, "Mwanangu, mimi nimesema nalala." Sikuwa na la kumjibu.

Nilikesha siku mbili natafuta kosa. Lugha ya skripti humo ni Lua, ile iliyozaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1993, na Lua huhesabu orodha zake kuanzia moja, kama mtu yeyote anavyohesabu kete. Lakini vitufe vya programu hii vinahesabiwa kuanzia sifuri. Humo humo, ndani ya skripti moja! Kwa hiyo nilipoagiza kitufe namba moja kiandikwe "Lala", neno likaenda kukaa kwenye kitufe changu cha pili, ambacho kazi yake ni kusafiri. Nilipoagiza namba mbili iandikwe "Safiri", namba hiyo haina kitufe. Programu ikafanya nini? Ikanyamaza. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, hakuna chochote. Cha kwanza kikabaki kitupu pale pale, hakuna aliyekiona.

Kunyamaza huko ndiko kulikonitia hasira kuliko kosa lenyewe. Kosa nitalitafuta, ndiyo kazi ya anayeandika skripti. Ila kuagizwa kitu kisichokuwepo ukaitikia kama umetii, hiyo ni kama kondakta anayekuona umepanda daladala isiyo yako na bado anapokea nauli.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaweka picha, nikaweka skripti nzima, nikaeleza kwa adabu. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la sentensi mbili: jambo hili limeelezwa kwenye mwongozo, ombi lako limefungwa. Nikauliza, ukurasa gani? Mpaka leo sijajibiwa. Nikausoma wote mwenyewe. Kweli limeelezwa, mstari mmoja, tena si kwenye maelezo ya kutengeneza kitufe bali kule mbali kwenye maelezo ya kukibadilisha. Nani atapekua huko wakati kitufe chake kinaonekana kinafanya kazi? Nikatoa nyota moja, nikaandika kwa herufi kubwa: MSINUNUE.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo ajabu. Palipoandikwa i, yaani namba ya kitufe, nikaandika i - 1. Tukakaa tena na ami, na safari hii nyumba ilipofikiwa yakatokea maneno mawili ubavu kwa ubavu, "Lala" na "Safiri". Ami hakubonyeza upesi. Nikasikia anavuta pumzi, anahesabu kete zangu kwa sauti ya chini, shimo moja moja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto nimekaa miguuni pake. Kisha akalala. Nyumba ikatulia na kete zake zote, na akacheka kicheko chake kile cha barazani ambacho sijakisikia tangu ahame. Usiku huo nilifuta MSINUNUE na nikapandisha nyota hadi nne.

Asubuhi nikakumbuka lile jibu la sentensi mbili, nikaishusha moja. Zimebaki tatu, na sina hakika kama zitabaki hapo. Ami ameshaomba kitufe kingine, cha kumwonyesha amebakiwa na kete ngapi za kunamua katika zile 22. Nimeanza kukiandika jana. Sitamwita mezani mpaka nikijaribu mwenyewe pande zote mbili.