Magari ya kispoti Nairobi: pima paja kabla ya kuuliza habari za injini

Gari nililoliuza mwezi wa tatu nilikuwa nimelinunua kwa macho. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, na viti vyake vya mbele vilikuwa na mbavu nene zilizokumbatia kiuno, nami nikaamini kwamba kukumbatiwa huko ndiko starehe. Siku nilipompeleka mama kliniki Upper Hill, tulikwama kwenye foleni ya Thika Road kuanzia Githurai hadi Pangani kwa muda wa saa mbili kasorobo. Tulipofika, alifungua mlango, akashika ukingo wa paa, akashindwa kusimama kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. "Mwanangu," akaniambia, "kiti hiki kinaishia njiani."

Alikuwa amesema kweli tupu. Sehemu ya kukalia ilikuwa fupi, na nusu ya paja lake ilikuwa imening'inia hewani safari nzima.

Tangu siku hiyo sioni sababu ya kumweleza mnunuzi wa Nairobi habari za nguvu za farasi, kwa maana hizo kila muuzaji atamwimbia bila kuombwa. Jambo linalosahaulika ni urefu wa kiti chini ya paja. Gari la kispoti huketisha mtu chini, miguu ikiwa imenyooshwa mbele, hivyo kiti kikiwa kifupi uzito wote huangukia makalio, na misuli ya paja hulazimika kuubeba mguu wenyewe. Katika barabara iliyo wazi huenda usihisi chochote. Katika foleni, ambako mguu wa kulia unashikilia breki, unaiachia kidogo na kuishikilia tena mara mia, utahisi kabla hujafika Museum Hill.

Namna ya kupima ni rahisi. Keti, sukuma makalio hadi yaguse egemeo, weka mguu kwenye breki, kisha pitisha vidole kati ya ukingo wa kiti na kikunjo cha goti. Vidole viwili au vitatu vikienea, kiti kinakufaa. Kiganja kizima kikipita, shuka. Ikiwa hata kidole kimoja hakipiti, kiti ni kirefu mno kwako na kitakubana nyuma ya goti. Rudia zoezi hilo kiti cha nyuma, kwa sababu huko ndiko wazazi wetu wanakoketi.

Kwa kipimo hicho, naliweka Subaru Levorg mbele ya yote, na sifichi upendeleo wangu. Limetengenezwa tangu mwaka 2014, buti la kizazi chake cha kwanza lina lita 522, paa lake halishuki ghafla nyuma, na nilipoketi nyuma vilibaki vidole vitatu na kichwa changu hakikugusa kitu. Kasoro yake ni mgongo ulioinuka sakafuni katikati, ambamo shafti ya magurudumu ya nyuma hupita, kwa hiyo abiria wa tatu hataketi kwa raha. Mimi nalikubali hilo, kwa kuwa wazazi wangu ni wawili.

La pili ni Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba. Ni fupi kwa nje, lakini paa lake la mraba huacha nafasi nzuri ya kichwa nyuma, na viti vyake vya kitambaa cha mirabaraba havikuchomi kama ngozi iliyoachwa juani mchana kutwa. Chagua lenye rimu za inchi 17 badala ya 18, kwa sababu mpira mwembamba wa tairi hupeleka kila tuta moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Mazda 3 iliyotoka mwaka 2019 ina viti vya mbele vilivyobuniwa ili nyonga isimame wima na mgongo ubaki na mkunjo wake wa asili, na kwa dereva pekee ningeipa nafasi ya kwanza. Nyuma ni habari nyingine: boneti ndefu imekula nafasi ya magoti, na lile lisilo na buti la kuchomoza lina dirisha dogo la nyuma na nguzo nene zinazoleta giza. Toyota Mark X nayo huwapumbaza watu kwa urefu wake, maana kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna milimita 2,850, ilhali sehemu kubwa ya urefu huo imemezwa na injini iliyolazwa kwa urefu na gia iliyo nyuma yake. Toyota 86 ni gari la watu wawili. Viti vya nyuma ni vya mkoba. Suzuki Swift Sport ndiyo nafuu zaidi, na kwa kijana asiyebeba mtu yeyote inatosha.

Unafuu huo nao una siri. Injini ya Swift Sport iliyotoka tangu mwaka 2017 haifikii cc 1,500, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, lakini Levorg ya cc 1,599 hutozwa asilimia 25 kwa sababu ya cc 99 tu. Ushuru wa forodha ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, na kila kodi hutozwa juu ya ile iliyotangulia. Gari la kundi la Levorg lenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000 hulipiwa ushuru wa forodha wa 350,000, kisha ushuru wa bidhaa wa 337,500, kisha VAT ya 270,000, jumla 957,500 kabla ya ada nyingine. Mtu anayelipa karibu gharama ya gari la pili ana haki ya kuketi ndani yake kwa nusu saa.

Hata hivyo, katika yadi tatu za Ngong Road nilizozitembelea, nusu saa hiyo nilinyimwa. Nilizungushwa uani dakika tano, nikaonyeshwa redio, na katika mojawapo nilikatazwa kuvua kava mpya za viti. Nilipoinua pembe ya kava, ubavu wa kiti cha dereva ulikuwa umechanika na sponji imegeuka unga wa manjano uliobaki kwenye vidole vyangu. Vua kava kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia gari.