Uzoefu wangu: miaka minne na sekondari ya kata hapa Urambo, Tabora

Habari wazazi wenzangu. Naona wenye watoto wa darasa la saba wanaulizia sana shule za serikali hapa Urambo, mimi binti yangu kamaliza kidato cha nne shule ya kata ya kutwa, jina naliacha, naongea tu niliyoyaona.

Hela kwanza. Ada hakuna tangu 2016, kabla ya hapo kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka. Ila sare, madaftari, mchango wa makande na posho ya mwalimu wa kujitolea wa fizikia unatoa mwenyewe. Ya huyo mwalimu siijutii hata shilingi, kijana alikuwa anabaki na watoto mpaka saa kumi na moja jioni.

Sasa kilichoniuma. Alivyoingia kidato cha kwanza kulikuwa na mikondo minne, A mpaka D, darasani kwake wamebanana zaidi ya 70 wengine wanakaa watatu dawati moja. Kidato cha nne ikabaki mikondo miwili! Wapo waliofeli upimaji wa kidato cha pili wakakariri halafu wakakata tamaa, lakini wengi ni tumbaku jamani, na mimi nalima tumbaku najua ninachosema, shule inafungua Januari, Februari tunachuma, mtoto anaambiwa asaidie kuchuma na kukesha na moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, wiki mbili tu, wiki mbili zinakuwa mwezi, akirudi hesabu zimeshamwacha na haya anaona. Wa kike ndo zaidi maana kuna wanaotembea kilomita saba kwenda na saba kurudi. Rafiki wa binti yangu, aliyekuwa anamshinda hesabu kabisa, alipata mimba kidato cha tatu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shule, lakini huyu hakuna aliyemfuata nyumbani kumwambia, nikikutana naye sokoni roho inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukifungua matokeo ya NECTA usiishie kuhesabu divisheni wani na ziro, pale wamo waliofika chumba cha mtihani tu, waliopotea njiani huwaoni. Nenda shuleni muulize mwalimu wa taaluma hawa waliomaliza walianza wangapi, na wa kike walikuwa wangapi. Akikujibu bila kuzunguka hapo mpeleke mtoto.

Binti yangu kapata divisheni tatu ya pointi 23, nashukuru Mungu. Shule naipa nyota 3 kati ya 5, walimu wanajituma kweli, nyota mbili nimezikata kwa sababu ya hosteli ya wasichana ambayo hakuna na mtoro ambaye hafuatiliwi hata kwa simu.

Mdogo wake anaanza Januari hapohapo. Baiskeli nimeshamnunulia, na tumbaku msimu huu nimepunguza ekari moja ili nimudu kuchuma na vibarua tu.