Injini ya Kubadilisha kwa HiAce ya Zamani ya Kulala Safarini: Ipi Itangulie

Toyota HiAce za kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1989, hasa zile za paa la kuinuka zilizowahi kubeba watalii, hugeuzwa kwa urahisi kuwa gari la kulala kwa kutoa viti vya nyuma na kuweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Bodi hutunzika, lakini injini huchoka. Anayekwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ataonyeshwa injini nyingi za mtumba kutoka Japani, na hapo asilinganishe bei ya injini peke yake. Aulize pia ni vitu gani vingine vitakavyolazimika kubadilishwa ili injini hiyo ikae kwenye gari lake.

Kwa gari la dizeli, naiweka injini ya Toyota iitwayo 3L, ya cc 2779, mbele ya zote. Ni ya ukoo mmoja na 2L ya cc 2446 iliyofungwa katika nyingi ya gari hizi, kwa hiyo kwa kawaida hukubali giaboksi lililopo bila kazi kubwa ya kuchomelea. Pampu yake ya dizeli haiendeshwi kwa kompyuta, na mafundi wa miji midogo wanaifahamu. Sababu hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa gari la kulala huharibika mbali na mjini.

Usilipe kabla ya kuisikia ikinguruma. Muuzaji makini huiwasha ikiwa sakafuni, kwa betri na kidumu cha dizeli. Iombe iwashwe ikiwa ya baridi, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi mwingi unaosukumwa kwa nguvu huashiria ringi za pistoni zilizokwisha, na utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko huashiria kwamba maji yamechanganyika na oili. Fundi wako atoe hita plagi (plagi za kupasha silinda joto wakati wa kuwasha) na apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne, kwani silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, injini hiyo ni ya kuachwa hata ikipunguzwa bei.

Nafasi ya pili naipa injini yako mwenyewe, ifunguliwe na kufanyiwa ukarabati, iwapo bloku haijapasuka na krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inaweza kusagwa. Wengi huambiwa injini imekufa ilhali kilichoungua ni gasketi ya silinda hedi tu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba matokeo yanategemea mkono wa fundi na uhalisi wa spea, na ringi bandia zimejaa madukani.

Ya tatu ni 5L ya cc 2986, ambayo huvuta vizuri zaidi milimani gari likiwa limejaa mizigo. Hakikisha si 5L-E, ambayo pampu yake huongozwa kwa umeme.

1KZ-TE ya turbo inavutia kwa nguvu zake, lakini huja na kompyuta na nyaya zake, huenda ikadai giaboksi jingine, na silinda hedi yake hupasuka ikichemshwa. Sishauri kuinunua kwa gari lisilozaliwa nayo. Injini za petroli, 1RZ na 2RZ, naziweka mwisho kwa gari la dizeli, kwani mfumo mzima wa mafuta utabadilika. Kwa gari lililotoka kiwandani na petroli, hizo ndizo za kwanza.

Injini ikiwa bado nje, badilisha mkanda wa taimingi (kwa hizi za dizeli), pampu ya maji, themostati na sili ya nyuma ya krankishafti, na rejeta isafishwe, maana injini nyingi mpya huuawa na rejeta iliyoua ya zamani. Namba iliyogongwa kwenye bloku isomeke wazi bila kukwanguliwa, na iandikwe kwenye risiti, kwa sababu utaihitaji TRA (Tanzania) au NTSA (Kenya) unapobadilisha kumbukumbu za gari.