Koti la mvua la kamera: uzoefu wangu na Aprili ya Ribblehead

Nimelinunua kwa pauni 34. Ni koti la nailoni la kuvalisha kamera, lina mikono miwili ya kupitisha mikono yako, kamba ya kukaza mdomoni mwa lenzi, na dirisha la plastiki nyuma ili uone skrini. Nimelitumia siku tano mfululizo kwenye hali ya hewa ninayoipenda kuliko zote, tena inayoua kamera; ya kwanza niliipoteza hivyo, iliingia maji mwaka juzi.

Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Treni ya kwenda Carlisle inakushusha Ribblehead, penye daraja la reli la matao 24, na nyuma yake mlima Whernside, mita 736. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea mvua inayopiga hodi: wingu linatanda, upepo unageuka, unaanua nguo. Huku mwezi wa Aprili hewa ya baridi inaingia kutoka baharini, inakuta ardhi imeshaanza kupata jua, mawingu yanafumka, yanamwaga, yanapita. Ndani ya saa moja umeona jua, rasharasha, mvua ya mawe, kisha jua tena. Na picha yenyewe iko pale katikati, jua limeshatoka na mvua haijakatika. Kama kamera iko kwenye begi, imekupita. Ndiyo maana nilitaka koti la kufanyia kazi mvua ikinyesha.

Siku ya tatu, kama saa mbili na nusu asubuhi, jua lilikuwa mgongoni kwangu, bado liko chini, na Whernside imemezwa na pazia la kijivu linalokuja upande wetu. Mvua ya mawe ikaanza. Punje zikajikusanya kwenye mkunjo wa koti juu ya kamera, nyeupe kama chumvi ya mawe. Nikazikung'uta, ndani pakavu. Kando ya ukuta wa mawe, kondoo jike mwenye uso mweusi na pua nyeupe alijibanza na wanawe wawili, wote watatu wamepigwa namba 17 ya bluu ubavuni.

Halafu upinde wa mvua ukatokea juu ya matao. Kwenye lenzi nilikuwa na kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachokata mng'ao, na hiki ni cha kuangalia sana: ukikizungusha vibaya kinaufuta upinde mbele ya macho yako, ukiendelea robo mzunguko unarudi umekoza kuliko mwanzo. Sasa koti limebana mdomo wa lenzi, kichujio hakishikiki! Nikalegeza kamba, nikapenyeza vidole kupitia mkono wa koti, nikakizungusha taratibu mpaka kile kipande cha upinde juu ya daraja kikawaka. Nikapunguza mwanga stopu moja, yaani ukabaki nusu, maana wingu jeusi huidanganya kamera, na mawe yaliyopigwa jua yangetoka meupe tupu. Nilipata picha sita. Dakika tatu hivi, ukafutika.

Lawama yangu kubwa ni dirisha. Pumzi na joto la mikono vinalipiga ukungu baada ya dakika kumi, skrini huioni tena. Kwa lenzi ndefu ya kuvuta, ya milimita 70-200, koti linapungua vidole vitatu, na mshono wa bega la kushoto unapitisha tone moja moja mvua ikiwa kubwa. Pia ule mkanda wa kunata wa kufungia unalia kwa sauti kali sana ukiubandua. Huu ni msimu wa kondoo kuzaa, mama akishtuka anakimbia na kitoto kinabaki nyuma kwenye baridi. Ubandue ukiwa mbali nao.

Kwa lenzi fupi nimelipatia nyota nne kati ya tano. Kwa ndefu, tafuta refu zaidi. Na ukirudi, ligeuze ndani nje ulianike. Usiku wa kwanza nililikunja likiwa bichi kamera ikiwa ndani yake, asubuhi lenzi ikakaa na ukungu mpaka saa nne.